Pikipiki ya kazi, milima ya Kibosho: shajara ya marekebisho

Januari, kabla ya kushika spana

Pikipiki yenyewe ni ya CC 150, Mhindi, ile inayojaa kila kijiwe cha bodaboda hapa Moshi, kuanzia Majengo mpaka Kiborloni, kwa hiyo sitaieleza sana. Nimeinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa akibebea abiria. Injini nzima, namba ya injini na ya chesisi zinalingana na kadi, tangi halina kutu. Rangi imepauka na itabaki hivyo hivyo. Mradi huu si wa rangi, si wa taa za disko, wala si wa eksozi ya kuamsha mtaa. Nataka jioni nikishuka niweze kunyooka.

Kazi yangu ni uhimilishaji wa ng'ombe wa maziwa, yaani kuwapandisha kwa mrija wa mbegu badala ya dume. Asubuhi naweza kuwa Kibosho kwenye ukungu, mchana niko njia ya kiwanda cha sukari cha TPC kwenye jua kali, jioni napanda tena Uru. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto, yaani anataka dume, asubuhi anapandishwa jioni, na aliyeonekana jioni anapandishwa kesho yake asubuhi, hivyo ratiba yangu anaipanga ng'ombe. Nyuma kwenye keria unakaa mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mirija ya mbegu ndani yake. Njia zangu ni lami, kisha mawe, kisha udongo mwekundu ule ambao mvua ikiugusa hata mbuzi anatafuta pa kukanyaga.

Kabla ya kugusa chochote nimeandika panapouma na ni kwenye njia ipi. Mfupa wa kitako, kwenye mawe. Viganja kufa ganzi, kwenye lami nikienda mwendo mmoja. Katikati ya mabega, kila mahali. Goti la kulia, kwenye foleni ya mjini.

Halafu nikamwomba mdogo wangu anipige picha ya ubavuni, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, mimi nimekaa kama ninavyokaa siku zote. Picha ilisema mengi. Nimeteleza mpaka tumbo limegusa tangi, mikono imenyooka viwiko vimekaza, mgongo umejikunja. Mwili unashikana na pikipiki sehemu tatu tu: siti, usukani na vikanyagio. Ni pembetatu. Ukisogeza pembe moja, zile mbili zinapokea. Watu wengi ninaowajua wanaongeza sponji kwenye siti basi, na maumivu yanahama kitakoni yanahamia viganjani. Kwa hiyo kanuni ya mradi ni hii: nabadilisha kitu kimoja, nakipitisha kwenye njia zangu zote, naandika, ndipo naenda kwenye kingine. Nimepima pia kwa utepe wa fundi cherehani: siti hadi kikanyagio, siti hadi gripu, gripu hadi ardhini. Vipimo viko nyuma ya daftari la ng'ombe.

Januari, mwishoni: vya bure kwanza

Shokapu za nyuma. Pikipiki hizi zimeundwa zibebe watu wawili na mzigo juu, na mwenye nayo wa kwanza alikuwa amezikaza hadi ngazi ya mwisho, kwa kazi yake alikuwa sahihi kabisa. Mimi nina kilo 58 na mara nyingi niko peke yangu. Kwa uzito huo springi haishuki hata kidogo, na kila jiwe linapanda moja kwa moja hadi shingoni. Nimezilegeza kwa spana ya ndoano hadi ngazi ya pili kutoka chini, kulia na kushoto sawasawa. Zikipishana, gurudumu la nyuma linabebwa upande na kwenye kona utalisikia likivuta.

Upepo. Kijana wa pancha ana desturi moja: "Nakujazia ngumu, dada daktari, isikusumbue." Tairi ngumu kwenye mawe ya Kibosho ni adhabu, na kwenye lami yenye maji haishiki. Nimenunua geji yangu. Mbele PSI 25, nyuma 28 nikiwa peke yangu, nikipakia naongeza nyuma. Napima asubuhi kabla ya kutoka, tairi zikiwa baridi, kwa sababu ukipima baada ya kuteremka mpaka mjini unapima na joto la safari.

Wenzo wa klachi na wa breki vilikuwa vimeelekea juu sana, hivyo kila nikivishika kiganja kinakunjika kwa nyuma. Nimelegeza boliti, nimekaa, nimenyoosha vidole bila kufikiri, na nikavikaza pale vidole vilipoangukia: mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni uwe mstari mmoja. Kazi ya dakika chache, na ganzi imepungua kuliko nilivyotegemea. Pedali ya breki ya nyuma nayo nimeishusha kidogo. Goti la kulia lilikuwa linauma kwa sababu nilikuwa naninginiza mguu juu yake mjini nikiogopa kuigusa.

Cheni nimeilegeza ifikie mchezo wa milimita 25 hadi 30 katikati ya upande wa chini. Ilikuwa imekazwa kama waya wa kuanikia nguo, na cheni ya namna hiyo ukikaa inakaza zaidi, inavuta beringi, na pikipiki inashtuka kila unapofungua mafuta. Watu wanaita ule mshtuko "nguvu".

Gharama mpaka hapa ni geji na kopo la grisi.

Februari: siti

Fundi siti wangu yuko Majengo, chini ya mwembe, na kazi zake nyingi ni makochi. Aliiangalia siti, akaibonyeza kwa ngumi, akasema ninachohitaji ni inchi mbili za sponji juu.

"Fundi, ukiweka inchi mbili miguu yangu haifiki chini."

"Si utashuka kwa upande mmoja, kama wengine."

"Na mtungi wa kilo kadhaa nyuma, kwenye mteremko wa matope?"

Akacheka, akakubali kwamba hapo kuna hoja. Tukaivua kava pale pale. Ndani sponji ya mbele ilikuwa imekufa, imebaki kama mkate ulioloa, na ya nyuma, anapokaa abiria, bado nzima. Ndiyo maana nilikuwa nateleza kwenda kwenye tangi: siti ilikuwa na mteremko wake yenyewe. Hakuna godoro la kuponya mteremko. Ukiweka laini juu ya mteremko, unateleza kwa ulaini.

Tulichokubaliana ni hiki. Sponji iliyokufa itoke yote hadi kwenye bati. Chini ikae sponji ya kusaga, ile nzito ya vipande vilivyogandishwa pamoja, ambayo ukiikalia haiendi mpaka chini. Juu yake tabaka jembamba la sponji ya kawaida lenye kazi ya kulainisha tu. Arusha kuna kiwanda cha Tanfoam, kwa hiyo sponji ya viwango tofauti inapatikana huku kwetu bila shida. Shida ni kumshawishi fundi kwamba nzito ni bora kuliko nene. Sponji laini dukani unaibonyeza kwa kidole unafurahi. Kalia kwa saa nzima ndipo ujue kwamba umekalia bati.

Mbele imejazwa hadi sehemu ya kukalia iwe tambarare, na nyuma yake kidogo tu inainuka ili kiuno kipate pa kuegemea. Halafu kitu ambacho fundi hakuwahi kuombwa: nimemwomba apunguze mabega ya siti pale mapaja yanapopita, iwe nyembamba mbele na pana nyuma. Urefu wa siti kutoka ardhini haujabadilika, lakini miguu sasa inashuka wima badala ya kupanuka kuzunguka kona za siti, na nyayo zangu zinafika chini zote mbili. Kwa mtu mfupi hii ina faida kuliko kukata siti.

Kava: reksini yenye chenga, nyeusi, mishono yote ubavuni. Fundi alipenda kuweka mshono wa katikati wenye uzi mwekundu, unapendeza. Nimekataa. Mshono wa katikati masika unanyonya maji, na sponji ikishanyonya utakalia maji wiki nzima hata jua likiwaka. Chini ya kava tumetandika nailoni. Pini zimepigwa kwa nafasi ya kidole kimoja kimoja.

Shilingi 45,000, na alinidai chai.

Matokeo baada ya kuzunguka nayo: kitako kimenyamaza, hata ile njia ya mawe. Mabega bado. Viganja vimeanza tena, na hilo nililitegemea. Siti mpya imenirudisha nyuma, kwa hiyo usukani umekuwa mbali.

Machi: usukani

Kwenye gereji kulikuwa na maoni mawili. La kwanza, la fundi wa kuchomelea: akate usukani, aunganishe bomba, aupandishe. Anafanya hivyo kwa bodaboda wengi na anafanya kwa usafi. Sitaki. Kiungo cha kuchomelea kwenye usukani kikikatika hakikupi taarifa, na kikikatikia kwenye mteremko wa Umbwe hakuna cha kushika.

La pili ndilo nimelifuata. Bomba la usukani wa pikipiki nyingi ndogo lina kipenyo cha milimita 22, kwa hiyo usukani wa pikipiki nyingine unaingia kwenye vishikizo vile vile bila kukata kitu. Nimezunguka kwa wauza spea wa mitumba nikiwa na utepe wangu na kupata mmoja, wa pikipiki ya mashambani, uliopinda kuja nyuma na kuinuka zaidi ya wa kwanza. Si mpana sana. Upana ni muhimu kwenye matope, lakini mjini kati ya daladala na bajaji kila sentimita unailipia.

Usukani ukiinuka, nyaya zinavutika. Hapa ndipo watu wanaharakisha. Waya wa klachi ulikuwa mfupi, nimenunua mrefu zaidi. Waya wa mafuta ulifika kwa shida kidogo mpaka tulipobadilisha njia yake kupita upande wa pili wa shingo. Jaribio lake ni rahisi: washa, iache ingurume taratibu, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Sauti ya injini isipande hata kidogo. Ikipanda maana yake waya unavutwa, na siku ukikata kona kali pikipiki itaongeza mwendo yenyewe. Nyaya za umeme nazo tumezifungua kwenye vifungo na kuzifunga upya zisikwaruzwe na chesisi.

Tulipokuwa tumefungua tukaangalia beringi za shingo. Grisi ilikuwa imekauka kuwa gundi. Zimeoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa upya, na ule mtikisiko niliokuwa nausikia nikifunga breki ya mbele kwenye mteremko ulikuwa ni hapo.

Mtetemo. Injini ya pistoni moja itatetema, hilo halina dawa, ila mtetemo unaweza kuhamishwa usije kwenye mwendo unaoutumia. Nimeweka gripu nene za mpira na vipande vya chuma kizito kwenye ncha za usukani. Uzito kwenye ncha unashusha kasi ya kutetemeka kwa bomba, na kwenye kilomita 60 kwa saa, mwendo wangu wa lami, viganja sasa vinafika salama. Kwenye 75 vinawasha. Sikai kwenye 75.

Picha ya pili ya ubavuni: viwiko vimelegea, mgongo umenyooka, tumbo liko mbali na tangi. Saiti mira zimepanda pamoja na usukani na sasa naona barabara, zamani nilikuwa naona mabega yangu.

Machi, baadaye: vikanyagio

Vipimo vinasema umbali wa siti hadi kikanyagio unanitosha. Sikuhamisha kitu. Nimebadilisha mipira yake tu, ya zamani ilikuwa imelika mpaka chuma, na buti zenye matope zilikuwa zinateleza.

Aprili: mtungi

Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote, na hakuna wa kuniuzia jibu lake dukani.

Mtungi wa naitrojeni lazima usimame wima. Ukilala unamwaga, na ukimwaga mirija inapata joto na kazi ya wiki imekwisha. Mfuniko wake hauzibi kabisa kwa makusudi: naitrojeni inachemka polepole muda wote na gesi lazima itoke, ikizuiwa inajaza presha. Kwa hiyo huwezi kuufungia kwenye boksi lisilopumua. Na shingo yake ndani ni dhaifu, ndiyo peke yake inayobeba tungi la ndani, kwa hiyo kuutikisa kwenye mawe ni kuufupishia maisha. Keria ya kiwandani ina bati gumu, iko juu, na iko nyuma ya ekseli. Kila nikipanda mlima mrefu wa Kibosho mbele panakuwa pepesi, usukani unaelea, na mimi najilaza mbele kuurudisha. Lile la mabega lilikuwa limejificha hapo.

Nilichora, nikampelekea yule yule fundi wa kuchomelea. Kwenye keria chomelea ni halali, huko hata ikikatika nitapoteza mzigo na si shingo. Tumetengeneza kikapu cha nondo nyembamba na bati lenye matundu, kimeshuka chini kuliko keria na kimesogea mbele kiasi kwamba mtungi unagusana na nafasi ya abiria. Siku ya kubeba mtungi, abiria hana pake. Hakuna ubishi. Mama yangu mkubwa wa Uru ameshaniuliza mara nyingi kwa nini daktari mwenye pikipiki anamwacha mama yake mkubwa apande daladala, na kila mara namwamkia shikamoo kwanza ndipo naeleza upya.

Chini ya mtungi na pande zote kuna sponji ya kusaga, mabaki ya siti, fundi siti alinitunzia. Mikanda miwili ya mpira inavuta kwa mshazari, na mkanda wa turubai unapita juu bila kukandamiza mfuniko. Uzito ulipokaa pale, shokapu nimezipandisha ngazi moja. Mlima ule ule, mbele sasa pananyamaza, na jioni ya kwanza niliyorudi nikiwa nimesahau mabega nilijua kikapu kimeshinda.

Mei: Usa River

Mbegu na naitrojeni nazifuata Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, zaidi ya kilomita 50 kutoka Moshi mjini. Ni barabara kuu, lami nzuri, na kwa mwili ni kazi tofauti kabisa na vijiji. Kuanzia Boma Ng'ombe mpaka kupita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA ni uwazi mtupu, upepo unakuja kwa ubavu, malori yanakupita yanakunyonya halafu yanakusukuma. Kukaa wima kunakostarehesha Kibosho hapa kunafanya kifua kiwe tanga.

Nimeweka kioo kifupi cha plastiki juu ya taa, kinachofika chini ya kidevu. Kirefu nimekijaribu cha rafiki: upepo ulikuwa unavunjikia kwenye helmeti na kichwa kinatikisika, afadhali bila. Kifupi kinakata upepo wa kifuani na kuacha helmeti kwenye hewa safi.

Fundi wa njiani Maji ya Chai aliniambia nibadilishe sproketi ya mbele, niongeze jino moja, 14 iwe 15, injini itulie kwenye lami. Hesabu yake ni kweli. Kwa mwendo ule ule injini ingepunguza mizunguko kama asilimia 7. Lakini asilimia hiyo hiyo naipoteza kwenye nguvu ya kupanda, na mimi Usa River naenda mara moja moja, Kibosho kila siku. Kwenye mlima wa matope na mtungi nyuma gia ya kwanza tayari ina kazi. Sproketi inabaki 14. Ushauri wa barabara kuu unafaa mtu anayelala barabara kuu.

Nilisogea mpaka Arusha kutafuta tairi ya nyuma yenye meno. Mji uliokuwa na kiwanda chake cha tairi, General Tyre, na leo dukani unachagua kati ya India na China. Nimechukua yenye meno ya wastani, yasiyo marefu. Meno marefu ni matamu wiki mbili za matope na yanaunguruma miezi mingine yote.

Juni: baridi na taa

Asubuhi za Kibosho sasa zinauma vidole. Nimenunua vile vikinga mikono vya kitambaa kizito vinavyofungwa kwenye usukani, bodaboda wote wanavyo msimu huu, na ni bora kuliko glovu nene kwa sababu ndani mkono unabaki mtupu na unahisi klachi. Ila vinafunika swichi. Nimekata tundu dogo upande wa indiketa.

Taa nimeirekebisha upya. Kikapu kikiwa na mtungi, nyuma inashuka, mbele inainuka, na mwanga unakwenda kwenye migomba badala ya barabarani, tena unampofusha anayekuja. Nimesimamisha pikipiki mbele ya ukuta ikiwa na mzigo kamili na mimi juu yake, mdogo wangu akalegeza boliti na kushusha taa mpaka katikati ya mwanga ikawa chini kidogo ya usawa wa taa yenyewe. Kupima taa pikipiki ikiwa tupu hakuna maana kwa mtu anayetembea na mzigo.

Kilichobaki kwenye orodha: shokapu ya mbele kushoto imeanza kuvuja mafuta, sili zake zimeagizwa na zitawekwa zote mbili kwa pamoja, kulia na kushoto, na mafuta mapya ya kipimo kimoja. Madigadi ya mbele inahitaji mpira mrefu zaidi kwa chini, kwa sababu injini yote imepakwa udongo wa Uru. Na fundi siti amepiga simu mwenyewe: bodaboda wawili wa kijiwe chake wameikalia siti yangu nilipoiacha kwake kushonewa ncha, nao wanataka mabega ya siti zao yapunguzwe vile vile. Anauliza kama namruhusu atumie kipimo changu. Nimemwambia atumie, ila kila mmoja apimwe mapaja yake.